Kuimarisha majengo ya zege kwa nyuzi za kaboni: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa watu wa aina mbili: mhandisi aliyekabidhiwa kazi ya kuimarisha bimu au nguzo kwa mara ya kwanza, na mwenye jengo aliyeletewa makadirio yenye neno "kaboni" asijue analipia nini. Pasipotajwa vingine, tarakimu ni za mwongozo wa taasisi ya zege ya Marekani (ACI) uitwao ACI 440.2R, toleo la 2017, kwa vipimo vya milimita na megapaskali (MPa).

FRP ni kitu gani hasa?

Ni polima (aina ya plastiki) iliyotiwa nyuzi, kwa Kiingereza fibre-reinforced polymer. Nyuzi nyembamba za kaboni, kioo au aramidi hushikamanishwa kwa resini, mara nyingi epoksi. Sokoni utaikuta kama utepe mgumu uliotoka kiwandani, unene wa milimita 1.2 au 1.4, wa kubandika chini ya bimu au slabu. Au kama kitambaa kinacholoweshwa epoksi palepale kazini, kisha kikazungushiwa nguzo au kuvishwa bimu. Zipo pia fito na tepe nyembamba zinazozikwa katika mifereji iliyochongwa kwenye kava ya zege, yaani tabaka la nje linalofunika nondo.

Kazi yake ni ile ya nondo, yaani kubeba mvuto. Haifanyi kazi ya zege. Na kwa kuwa ni nyembamba mno, haiongezi ukakamavu wa maana: kama slabu yako imebonyea, au inatikisika watu wakipita, utepe wa kaboni hautainyoosha wala kuituliza. Wateja wengi huja na tatizo hilo hasa, na inabidi warudishwe kwenye nguzo ya ziada au bimu ya chuma.

Teknolojia hii ilianzia wapi?

Kubandika kitu chini ya bimu si jambo la jana. Miaka ya 1960 wahandisi wa Ufaransa na Afrika Kusini walikuwa tayari wanabandika mabamba ya chuma kwa epoksi. Tabu ilikuwa uzito wa bamba, jukwaa la kulishikilia mpaka gundi ikauke, na kutu iliyojificha kati ya bamba na zege. Katikati ya miaka ya 1980 Urs Meier na wenzake wa maabara ya EMPA huko Dübendorf, Uswisi, wakaanza kujaribu kaboni badala ya chuma.

Mwaka 1991 ikaingia kazini kwenye daraja la Ibach, Lucerne. Mafundi waliokuwa wanatoboa zege ili wafunge taa za kuongozea magari walikuwa wamekata kebo ya chuma iliyokazwa ndani ya daraja. Kulitengeneza kwa mabamba ya chuma kungetaka kilo 175. Zilitumika kilo 6.2 za kaboni, na mafundi walibandika wakiwa juu ya gari la kunyanyulia, bila jukwaa. Tetemeko la Kobe la tarehe 17 Januari 1995 ndilo lililowafanya Wajapani kuvisha nguzo kwa wingi.

Miongozo ni mingi. Nifuate upi?

Wamarekani wana ACI 440.2R, iliyotoka kwanza 2002 na kufanyiwa marekebisho makubwa 2008 na 2017. Waingereza wana TR55 ya Concrete Society (2000, 2004 na 2012). Shirikisho la kimataifa la zege, fib, lina Bulletin 14 ya 2001 na Bulletin 90 ya 2019, Waitaliano wana CNR-DT 200, na kizazi kipya cha Eurocode 2 (kanuni ya Ulaya ya zege), yaani EN 1992-1-1 ya 2023, kimeweka kiambatisho kizima kuhusu kuimarisha zege kwa kaboni.

Wowote kati ya hiyo unafaa. Usichofanya ni kuchanganya. Kwetu Afrika Mashariki majengo mengi yaliyopo yalisanifiwa kwa kanuni ya BS 8110, ambayo Waingereza wenyewe waliiondoa mwaka 2010, na mhandisi wa leo mara nyingi amezoea Eurocode. Akipakua programu ya muuzaji iliyoandikwa kwa ACI, anajikuta amechukua mizigo ya huku na vipunguzo vya kule. BS 8110 huzidisha mizigo kwa 1.4 na 1.6 halafu ikagawanya nguvu ya kila malighafi kivyake. ACI huzidisha kwa 1.2 na 1.6 halafu ikapunguza nguvu ya bimu nzima kwa kipunguzo kimoja. Ukichukua nusu hapa na nusu pale, unapata jibu ambalo hakuna kamati iliyowahi kulithibitisha.

Mfano mdogo: TR55 ya 2004 iliruhusu kaboni ivutike hadi 0.008 ya urefu wake bimu ikiwa na mzigo uliotandazwa sawasawa, lakini ikadai pia ukaguzi tofauti wa mkazo kwenye gundi usizidi 0.8 MPa. Mtu akidaka ile 0.008 akaacha ukaguzi wa pili, amejipa mara mbili ya anachostahili.

Muuzaji anasema utepe wake una nguvu mara sita ya nondo. Mbona mahesabu yananipa kidogo hivyo?

Kwa sababu kabla kaboni haijakatika, itabanduka. Hili ndilo jambo la kuelewa kuliko yote katika miongozo hii, na sehemu kubwa ya kurasa zake ni njia mbalimbali za kulisema.

Utepe wa kawaida una nguvu ya takriban 2,800 MPa na moduli (kipimo cha ukakamavu) ya 165,000 MPa. Maana yake unaweza kuvutika mpaka 0.017 ya urefu wake ndipo ukatike. Nondo ya 460 MPa kweli ni kama moja ya sita ya hapo. Lakini utepe umeshikwa na gundi, gundi imeshika ngozi ya zege, na ngozi ya zege ndiyo dhaifu kuliko wote. Ufa unapofunguka katikati ya bimu, utepe pale penye ufa unavutwa kwa nguvu na zege la pembeni yake linachanika, tabaka la milimita chache tu. Mchaniko hukimbilia mwisho wa utepe. Ukiokota utepe uliobanduka hivyo utakuta mgongoni mwake kuna vumbi la saruji na vipande vya kokoto. Gundi ilikuwa nzima.

ACI inaweka kikomo cha mvutiko (sehemu ya urefu wake ambayo utepe unavutika) kabla ya kubanduka hivi: chukua nguvu ya zege, igawanye kwa idadi ya tabaka mara moduli mara unene, tafuta kipeuo cha pili cha jibu, zidisha kwa 0.41. Jibu lisizidi 0.9 ya mvutiko wa kukatika.

Tufanye hesabu. Zege la 20 MPa, tabaka moja, moduli 165,000, unene 1.2. Inatoka 0.0041. Mkazo ni 165,000 mara hiyo, yaani kama 680 MPa, ambayo ni robo ya nguvu iliyoandikwa kwenye brosha. Utepe wa upana wa milimita 100 utabeba kilonyutoni 82 hivi, na hapo bado hujaupunguza kwa 0.85 ambayo ACI huitoza FRP kwenye kupinda. Nondo moja ya kipenyo cha milimita 16, ya 460 MPa, kwa hesabu ya BS 8110, hubeba kilonyutoni 80. Kwa hiyo utepe mmoja ni nondo moja ya 16. Ukishaweka hilo kichwani, utaweza kuyapima makadirio ya mtu yeyote kwa macho kabla ya kufungua kompyuta.

Basi nikibandika tabaka mbili nitapata mara mbili?

Hapana. Idadi ya tabaka imo ndani ya kile kipeuo. Kwa mfano uleule, tabaka mbili zitabanduka kwenye mvutiko wa 0.0029, na jumla ya nguvu itakuwa kilonyutoni 115 tu. Umenunua utepe maradufu ukapata nyongeza ya asilimia 41. Tabaka ya tatu inakufikisha 141. Tepe mbili zikikaa ubavu kwa ubavu zinakupa zaidi ya 160. Kama bimu ina upana, tandaza, usirundike.

Nguvu ya zege niweke ya kyubu au ya silinda?

Hayo ni maumbo ya sampuli za zege zinazovunjwa maabara. Ya silinda, ukitumia ACI. Michoro ya zamani ya huku ikiandika "daraja la 25" ilimaanisha kyubu ya 25 MPa, ambayo kwa silinda ni kama 20. Tofauti hiyo peke yake inashusha mvutiko wa kubanduka kutoka 0.0046 hadi 0.0041.

Na usiamini mchoro tu. Kata sampuli za zege lenyewe, kwa sababu zege lililochanganywa kwa koleo miaka thelathini iliyopita halina habari na kilichoandikwa kwenye karatasi. Likiwa chini ya 17 MPa, mwongozo unasema usibandike FRP inayotegemea gundi. Kuvisha nguzo mzunguko mzima ni kesi tofauti, kwa kuwa pale kitambaa kinajikaza chenyewe na hakitegemei sana ngozi ya zege.

Nina slabu ya nyumba ya kuishi nataka iwe ukumbi wa mikutano. Kaboni inaweza kuongeza nguvu kiasi gani?

Swali hili ndilo linalovunja dili nyingi, na ni vizuri livunje mapema.

Miongozo inaanza na dhana kwamba siku moja FRP itaondoka. Labda ni moto, labda gari limegonga, labda fundi wa mabomba amepita na mashine ya kukatia. Siku hiyo jengo lisimwangukie mtu. Kwa hiyo ACI inadai kwamba muundo wa zamani, bila FRP, uweze kubeba mara 1.1 ya uzito wa kudumu pamoja na mara 0.75 ya mzigo mpya wa matumizi.

Chukua slabu yenye uzito wa kudumu wa kilonyutoni 6 kwa mita ya mraba, iliyosanifiwa kwa mzigo wa 2. Kwa ACI uwezo wake ni 1.2 mara 6 kujumlisha 1.6 mara 2, yaani 10.4. Unataka mzigo wa matumizi upandishwe hadi 5. Sharti: 1.1 mara 6 kujumlisha 0.75 mara 5, ni 10.35. Umepita kwa upenyo wa sindano. Ukitaka 6, sharti linakuwa 11.1 na umeshindwa, hata kama kompyuta inaonyesha kwamba tepe kadhaa zingebeba mzigo huo bila shida. Hapo si suala la kuongeza tepe. Ni kutafuta njia nyingine: bimu ya chuma katikati, nguzo mpya, au kumshauri mwenye mali apunguze mzigo.

Mahesabu haya yanachukulia kwamba jengo lilijengwa kama lilivyosanifiwa. Kama nondo zilipunjwa, huna 10.4 ya kuanzia. Pima nondo kwa kifaa cha kuzitambua ndani ya zege, na fukua sehemu mbili tatu uhakikishe kipenyo.

Na moto je?

Nyuzi za kaboni zenyewe zinavumilia joto kali. Gundi haivumilii. Epoksi nyingi za kazi hii hulainika kati ya nyuzi joto 60 na 82 za Selsiasi, na moto wa chumba cha kawaida unapita hapo katika dakika chache. Kwa hiyo wakati wa moto chukulia FRP haipo, na hakikisha zege na nondo za zamani zinabeba mizigo halisi ya siku hiyo kwa muda ambao sheria inadai. Kuna mipako ya kinga, lakini mara nyingi faida yake kubwa ni kulinda nondo zilizo ndani ya zege, si gundi.

Joto la kawaida nalo liangaliwe. ACI inataka joto la juu kabisa la matumizi libaki angalau digrii 15 chini ya pale epoksi inapoanza kulainika. Bimu ya ndani ya ofisi haina shida. Slabu ya paa tupu inayopigwa na jua la Dodoma au Lamu mchana kutwa, au kitambaa cheusi kilichoachwa bila rangi nyeupe juu yake, ni habari nyingine. Uliza kiwango cha kulainika cha epoksi unayoletewa na ukitake kwa maandishi.

Kaboni au kioo? Kioo ni bei nafuu.

Kioo kinafaa mahali ambapo kitakaa bila kuvutwa hadi siku ya dharura, kama nguzo iliyovishwa kwa ajili ya tetemeko. Kikivutwa mfululizo mwaka baada ya mwaka, kioo hukatika chenyewe kwa mkazo mdogo sana kuliko nguvu yake ya siku ya kwanza. Ndiyo maana ACI inaruhusu mkazo wa kudumu usiozidi 0.20 ya nguvu kwa kioo, 0.30 kwa aramidi na 0.55 kwa kaboni.

Mazingira nayo yana tozo yake. Ndani ya jengo kaboni yenye epoksi inabaki na 0.95 ya nguvu yake ya kuandikwa, kioo 0.75. Nje: 0.85 na 0.65. Penye kemikali au maji taka: 0.85 kwa kaboni, 0.50 kwa kioo. Ukiweka hizo tozo, ule unafuu wa kioo mara nyingi unayeyuka.

Jambo moja dhidi ya kaboni: inapitisha umeme. Ikigusa nondo au boliti ya chuma penye unyevu, chuma kinaliwa haraka. Weka tabaka ya kioo au epoksi kati yao.

Naisoma brosha ya muuzaji. Niangalie nini?

Mawili. Kwanza, nguvu iliyoandikwa ni ya wastani au ya kuhakikishwa? ACI inataka wastani ukitolewa mara tatu ya mkengeuko wastani, kutokana na vipimo visivyopungua 20. Pili, kwa kitambaa, unene ni wa nyuzi tupu au wa kitambaa kikiwa na epoksi? Kitambaa cha gramu 300 kwa mita ya mraba kina nyuzi tupu za unene wa milimita 0.167 na moduli ya karibu 230,000. Kikishalowa na kukauka kinakaribia milimita moja na moduli inashuka sana. Hesabu zote mbili ni sahihi zikikaa na jozi yake. Ukichukua unene wa kilicholowa na moduli ya nyuzi tupu, umejizawadia mara tano.

Kuvisha nguzo kunasaidia kwa kiasi gani?

Inategemea umbo kuliko inavyotegemea kitambaa. Nguzo ya duara ikibanwa, inabanwa kila mahali. Nguzo ya mraba inabanwa kwenye pembe nne tu, na katikati ya kila ubavu zege linatunisha kitambaa bila upinzani.

Nguzo ya duara ya kipenyo cha 300, zege la 20 MPa, tabaka mbili za kitambaa cha 0.167: nguvu ya zege inapanda kwa kama 10 MPa. Nguzo ya mraba ya 300 kwa 300 yenye pembe zilizoviringwa kwa nusu kipenyo cha milimita 25, kitambaa kilekile: inapanda kwa chini ya 5. Ikiwa ya mstatili, inazidi kushuka, na ubavu mmoja ukizidi mara mbili ya mwingine, au ubavu wowote ukizidi milimita 900, ACI haikuruhusu kudai chochote isipokuwa uwe na majaribio.

Pembe lazima ziviringwe kwa angalau milimita 13, la sivyo kitambaa kinakatika hapo kama kamba kwenye ukingo wa bati. Hapa ndipo mafundi huchoka, kwa sababu ni grainda na vumbi kutwa nzima. Msimamizi apite na kipimo cha pembe mkononi, nguzo kwa nguzo.

Kuvisha pia hakusaidii nguzo ndefu nyembamba inayojikunja, wala msingi ulio chini yake. Mtu anayetaka kuongeza ghorofa mbili juu ya jengo lake aanze kuuliza kuhusu udongo na msingi. Kaboni ni swali la baadaye, na mara nyingi jibu la msingi linalifuta.

Bimu ina nyufa za mshazari karibu na nguzo. Nibandike chini?

Usiguse chini kabla ya kushughulikia hizo. Nyufa za mshazari karibu na nguzo ni za mkato, yaani nguvu inayojaribu kuikata bimu, na bimu ikivunjika kwa mkato haibishi hodi. Ukiiongezea nguvu ya kupinda tu, umeisogeza karibu zaidi na uvunjikaji mbaya.

Dawa yake ni vitambaa vya wima vinavyofanya kazi ya ringi, zile nondo nyembamba zinazozunguka nondo kuu. Kwa kuwa juu ya bimu kuna slabu, huwezi kuizungusha yote, kwa hiyo unaivisha kama herufi U. Mvutiko unaoruhusiwa kutumika hauzidi 0.004, na kwa U kwa kawaida unakuwa chini ya hapo, maana ncha za juu za U hubanduka. Zifunge kwa nanga za nyuzi zilizopenyezwa kwenye slabu ikiwezekana.

Hata bimu isiyo na nyufa inahitaji U kwenye ncha za utepe wa chini endapo nguvu ya mkato pale utepe unapoishia inazidi theluthi mbili ya ile inayobebwa na zege. Bila hivyo, kava nzima ya zege inaweza kung'oka pamoja na utepe kuanzia mwisho.

Jengo liko pwani na nondo zina kutu. Je, nikivisha kaboni kutu itakoma?

Haitakoma. Chumvi ikishafika kwenye nondo, kutu inaendelea ndani, nondo inavimba, zege linasukumwa nje, na sasa umelifunika usilione. Fukua zege bovu, pita nyuma ya nondo, isugue mpaka ing'ae, ongeza nondo pale kipenyo kilipoliwa, rudishia zege la ukarabati, acha likomae. Kisha ndipo uzungumze habari ya kaboni. Nyufa pana kuliko milimita 0.3 zidungwe epoksi kwanza.

Usifunike uso wote wa slabu au ukuta pia. Epoksi haipitishi unyevu, na maji yanayopanda kutoka upande wa pili yatakusanyika nyuma yake. Acha nafasi kati ya tepe.

Uso wa zege uandaliwe vipi?

Lipu yote itoke. Nasema hivi kwa sababu nguzo na bimu zetu karibu zote zimepigwa lipu, na lipu iliyokaa vizuri inafanana na zege. Utepe uliobandikwa juu ya lipu umebandikwa juu ya hewa. Baada ya lipu, saga ngozi laini ya saruji mpaka kokoto zionekane, toa vumbi kwa mashine ya kufyonza, na usawazishe mabonde kwa epoksi nzito.

Halafu jaribio la kuvuta. Unabandika kisahani cha chuma cha kipenyo cha milimita 50, unakata duara kukizunguka hadi ndani ya zege, unakivuta. Kinapaswa kuhimili angalau 1.4 MPa, ambayo kwa kisahani hicho ni kama uzito wa kilo 280. Tazama pia kimeng'oka wapi. Kikitoka na kipande cha zege, vizuri. Kikitoka kisafi, gundi au usafi una walakini hata kama namba imefika.

Siku ya kubandika nisimamie nini zaidi?

Unyevu na muda. Uso wa zege uwe na joto la angalau digrii 3 juu ya kiwango cha umande (joto ambalo unyevu wa hewa hugeuka matone), kwa hiyo alfajiri ya masika pwani si saa ya kuanza kazi. Epoksi ichanganywe kidogo kidogo kwa uwiano wa kiwandani, ikipimwa kwa mizani. Ndoo nzima iliyochanganywa kwa pamoja hujipasha joto yenyewe na kuganda ndani ya ndoo, na fundi aliyebanwa ataitia tina (kiyeyusho cha rangi) ili ilainike. Epoksi iliyotiwa tina itupwe.

Nyuzi zinyooke. Zikipinda zaidi ya digrii 5 kutoka kwenye mchoro, mhandisi ajulishwe kabla ya kuendelea.

Kama inawezekana, ondoa mzigo kwenye slabu au inua bimu kidogo kwa jeki kabla ya kubandika. Bimu imeshavutika kwa uzito wake, na utepe unaanzia sifuri. Mvutiko huo wa awali lazima uingizwe kwenye hesabu, na ukipunguzwa, utepe unafaidi.

Mwongozo huu unafaa kwa kuta za mawe ya matumbawe, kama za Mji Mkongwe wa Zanzibar?

Hapana. Ni wa zege. Kuta za mawe na chokaa zinahitaji kupumua, na epoksi inaziba. Tafuta mtaalamu wa majengo ya kale.

Nani anaruhusiwa kusanifu kazi hii?

Mhandisi aliyesajiliwa: Tanzania ni na bodi ya wahandisi ERB, Kenya ni na bodi ya EBK. Hesabu za bure kutoka kwa muuzaji ni msaada mzuri, ila muuzaji hasaini.

Tumemaliza. Nikagueje, na nitunzeje?

Baada ya angalau saa 24 gonga uso wote kwa sarafu au nyundo ndogo. Palipo na hewa patalia kama debe tupu. Zungushia chaki upime. Kiputo kidogo kuliko milimita za mraba 1,300, yaani kama mraba wa milimita 36 kila upande, kinavumilika, mradi visizidi kumi kwa mita ya mraba na jumla yake isifike asilimia 5 ya eneo lote. Kikubwa kuliko hapo kinadungwa resini au kubadilishwa, kulingana na mahali kilipo. Kikizidi 16,000, kata sehemu hiyo na ubandike kiraka chenye mwingiliano wa kutosha pande zote.

Kisha paka rangi ya kuzuia jua, na weka kibao kinachosomeka ukutani: hapa pana kaboni, usitoboe. Fundi wa AC hajui kwamba ule ukanda mweusi chini ya rangi ndio unaoshika slabu, na tundu moja la boliti katikati ya utepe hukata nyuzi moja kwa moja. Mchoro wa tepe zilipo ukabidhiwe kwa mwenye jengo pamoja na funguo, na ukaguzi wa kugonga urudiwe kila inapopakwa rangi mpya.